Kipengele kimepotea baada ya kuapdeti? Kwanza jua kimepotelea wapi

Programu za akili unde za kuandikia msimbo hubadilika haraka mno. Baadhi hutoa toleo jipya karibu kila wiki, na nyingi zinatengenezwa California, saa kumi au kumi na moja nyuma yetu. Wakiachia toleo saa nne asubuhi kwao, Mwanza ni saa mbili au saa tatu usiku. Ndiyo maana mtu wa Nyegezi anafunga kompyuta jioni mambo yote yakiwa sawa, asubuhi anaifungua na kitufe alichokizoea hakipo, huku mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba anasubiri mfumo wake wa stoo.

Wengi hapo hukimbilia kufuta programu na kuisakinisha upya. Bando linaisha na kipengele hakirudi, maana kisakinishi kinacholetwa ni kilekile kipya. Usifute kitu bado. Kipengele hutoweka katika mojawapo ya sehemu tatu: programu iliyo kwenye mashine yako, seva na modeli ya kampuni (modeli ndiyo akili unde yenyewe inayojibu), au kifurushi cha malipo cha akaunti yako. Kurudi toleo la nyuma kunatibu ile ya kwanza tu.

Kuzitofautisha si kazi kubwa. Fungua "Help" kisha "About", usome namba ya toleo. Ikiwa namba haijabadilika tangu siku kipengele kilipokuwepo, angalia na viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa ndani ya programu kuu. Navyo vikiwa vilevile, mabadiliko yamefanyika seva au kwenye akaunti. Kisha muulize mwenzako mwenye toleo kama lako lakini kifurushi tofauti. Kama kwake kipo, tatizo ni malipo. Hapo unalipa au unahama, hakuna ufundi mwingine.

Sasa tuje kwenye mashine yako, kwa sababu hapa ndipo unapoweza kufanya mengi. Kwenye VS Code, kihariri cha kuandikia msimbo, nenda orodha ya viendelezi, bofya alama ya gia ya kiendelezi husika, chagua "Install Specific Version", kisha chagua toleo ulilokuwa nalo. Hakikisha alama ya "Auto Update" ya kiendelezi hicho imeondolewa, la sivyo kitajisasisha tena. Kwenye faili ya mipangilio ya VS Code, settings.json, weka mistari hii miwili:

"update.mode": "manual",
"extensions.autoUpdate": false

Weka yote miwili. Watu wengi huzuia kiendelezi wakaacha kihariri kiendelee kujisasisha, au kinyume chake, halafu vyote viwili vinagoma. Kila kiendelezi kina faili ya package.json yenye kipengee cha engines.vscode kinachotaja toleo la chini la kihariri kinachokikubali. Copilot Chat, kwa mfano, kiendelezi cha kuongea na akili unde, imekuwa ikitolewa sambamba na VS Code yenyewe: chat mpya haikubali kihariri cha zamani, na chat ya zamani inaweza kukwama ndani ya kihariri kipya. Kwa hiyo andika namba za vyote viwili kama jozi, na ukirudi nyuma rudi navyo pamoja.

Njia ninayoipendekeza zaidi kwa mazingira yetu ya bando ni VS Code ya faili la ZIP badala ya kisakinishi. Fungua ZIP, tengeneza folda iitwayo data ndani yake, na mipangilio pamoja na viendelezi vyote vitakaa humo. Kwa Windows na Linux nakala ya namna hii haijisasishi yenyewe. Inanakilika kwenye fulashi, kwa hiyo mmoja anapakua na wenzake wa Buzuruga na Igoma wanachukua kwake. Ukitaka kujaribu toleo jipya, lifungue kwenye folda nyingine na uache la zamani lilivyo mpaka ujiridhishe. Ila usimpe mtu folda yako ya data bila kutoka kwanza kwenye akaunti zako na kuondoa funguo za API (nywila zinazoruhusu programu kutumia huduma kwa akaunti yako) ulizohifadhi humo.

Kwa zana za terminali (dirisha la kuandikia amri) zinazotoka npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya programu, taja namba kila unaposakinisha: jina la kifurushi, alama ya @, halafu toleo. Amri ya npm view ikifuatiwa na jina la kifurushi na neno versions inakuonyesha matoleo yaliyopo. Claude Code, zana ya terminali ya kampuni ya Anthropic, hujisasisha yenyewe, na unaizuia kwa kuweka DISABLE_AUTOUPDATER kuwa 1 kwenye mazingira ya mfumo. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji unaweza kukuta kosa la ENOTEMPTY, yaani folda ya zamani haijawa tupu. Andika npm root -g ujue folda iliko, futa folda ya kifurushi hicho peke yake, kisha sakinisha tena. Ukiwa na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usisasishe siku umeme unapochezacheza.

Upande wa seva ni mgumu zaidi. Machi 2023 OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilitangaza kufunga modeli zake za msimbo za Codex kwenye API tarehe 23 mwezi huohuo, notisi ya siku chache tu. Agosti 2025, GPT-5 ilipotoka, GPT-4o iliondolewa kwenye orodha ya ChatGPT, ikarudishwa kwa wanaolipa baada ya watumiaji kulalamika. Katika hali zote mbili toleo la zamani kwenye mashine yako lisingekusaidia. Unachoweza ni kutumia jina la modeli lenye tarehe, mfano gpt-4o-2024-08-06, badala ya jina fupi linaloweza kuelekezwa kwenye modeli nyingine bila wewe kugusa chochote. Nalo lina mwisho wake, kwa hiyo soma ukurasa wa tarehe za kustaafisha modeli. Anthropic huahidi notisi ya angalau siku 60 kwa modeli ilizozitoa kwa umma.

Akiba ya kweli ni modeli iliyo ndani ya kompyuta yako. Kwa Ollama, programu ya kuendesha modeli kwenye mashine yako, modeli ya qwen2.5-coder ya 7B (vigezo bilioni 7, kipimo cha ukubwa wake) ni kama GB 4.7 kupakua na inataka RAM ya GB 8 au zaidi. Kwa GB 8 kamili itakwenda taratibu ukiwa na kivinjari wazi. Ya 1.5B haifiki GB 1 na inatosha kukamilisha mistari. Haitaandika mfumo mzima, lakini hakuna wa kuja usiku kuiondoa.

Maelekezo yako kwa zana nayo yasikae ndani ya mipangilio ya programu. Yaandike kwenye AGENTS.md ndani ya mradi, uyaweke kwenye git, mfumo wa kutunza historia ya faili za mradi. Claude Code husoma CLAUDE.md, kwa hiyo weka humo mstari mmoja wa @AGENTS.md. Cursor, kihariri kingine cha akili unde, ilishahama kutoka faili ya .cursorrules kwenda folda ya .cursor/rules, mwenye maandishi yake kwenye git alihamisha faili tu.

Kubaki toleo la zamani kuna hatari yake, na hili nalisema kwa msisitizo. Mwishoni mwa Julai 2025 Cursor ilitoa toleo 1.3 lililoziba udhaifu wa usalama uliosajiliwa kwa namba ya CVE-2025-54135, ambao ulimwezesha mshambuliaji kuendesha amri kwenye mashine yako kupitia maandishi aliyoyatega. Aliyezuia masasisho bila kusoma orodha ya mabadiliko alibaki wazi. Zuia kwa wiki chache, soma kila orodha, na ukikuta neno "security" au CVE, sasisha siku hiyohiyo hata kama kitufe chako kitaondoka.

Halafu lalamika rasmi, na mapema. Fungua tiketi kwenye hazina ya mradi huko GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya msimbo, ukitaja namba ya toleo lililokuwa na kipengele, namba ya lililokiondoa, mfumo wa uendeshaji, hatua za kulifanya tatizo litokee tena, na kazi iliyokwama. Tafuta kwanza kama tiketi ipo. Ikiwepo, ongeza maelezo yako humo badala ya kufungua nyingine.