Kibanda cha ng'ambo ya Pangani: hesabu niliyoipiga na hesabu iliyonipiga

Miaka mitatu ya mwanzo nililala kwenye dungu. Kwa asiyelijua, dungu ni jukwaa la miti lenye paa la makuti, limeinuliwa juu ya nguzo nne katikati ya shamba. Unakaa humo usiku na tochi na debe bovu, ukisikia mihogo inavunjika huko gizani unapiga debe na mayowe. Shamba letu liko ng'ambo ya mto Pangani, njia ya kwenda Mkwaja. Tumbili wanakuja mchana, nguruwe pori usiku, sasa wewe utalala saa ngapi?

Mjomba aliyeniachia eka zile nne alikuwa mwindaji enzi zake, kwa hiyo rafiki zangu wa mjini Tanga waliposikia najenga kule wakaamua natengeneza kambi ya kuwindia. Nikawaambia sina bunduki wala leseni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hainiruhusu hata kujaribu bila kibali, na Saadani, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, haiko mbali na pale. Nilichotaka mimi ni mlango unaofungwa, mahali pa kuweka ufuta na mahindi, na kitanda ambacho hakiyumbi upepo wa kusi ukivuma.

Mambo ya ardhi niliyamaliza kwanza, kwa halmashauri ya kijiji, mpaka nikapata hati ya hakimiliki ya kimila. Yalichukua muda, lakini hayakunisumbua sana.

Kilichonisumbua ni daftari. Niliandika vizuri, nikaona fahari: nyumba ya mita 6 kwa 4.5, vyumba viwili, baraza mbele. Vifaa shilingi 4,150,000, ndani yake usafiri 200,000. Ufundi 1,200,000 kwa kazi nzima, kulipwa kwa hatua: msingi, lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa, lipu. Jumla 5,350,000. Mke wangu akaisoma, akauliza swali moja tu: "Maji je?" Nikamjibu kisima kipo. Kweli kipo, kilomita moja na nusu kutoka shambani.

Kosa langu la kwanza nusura liwe tofali. Niliuliza bei mjini, tofali la inchi 6 shilingi 1,300, nikahitaji 600, nikaona 780,000 si mbaya. Fundi alikuja kuona eneo, akakaa kwenye kisiki, akaniuliza, "Bosi, tofali moja lina kilo ngapi?" Sikujua. Lile lisilo na tundu ni karibu kilo 30, akasema. Mara 600, hizo ni tani 18, za kupakia Tanga, kuvusha kwa pantoni, na kushusha huku. Saruji ya kufyatulia tofali hizohizo ni mifuko 20, yaani tani moja. Mchanga uko huku. Tukakodi kalibu, tukafyatua papo hapo shambani. Ule ushauri wa kwenye kisiki uliniokolea pesa nyingi kuliko punguzo lolote la dukani, na tangu siku ile kila kitu nakiuliza uzito kabla ya bei.

Mchanga nao una maneno yake. Ufukwe hauko mbali, nikaona pale pana mchanga wa bure, msafi, mweupe kama unga. Nikamletea fundi ndoo moja ya mfano, huku nafurahi. Akachota kidogo kwa vidole viwili, akaweka ulimini, akatema. "Chumvi hii. Lenta yako ina nondo. Baada ya miaka michache nondo imekula kutu, imevimba, imepasua zege." Nikarudisha ndoo. Tukanunua mchanga wa kijito cha bara, trekta la jirani likaubeba. Maji ya bahari vilevile alikataa yasikaribie kazi.

Sasa usafiri. Nilipojenga mimi, mwaka 2021, kuvuka pale Pangani mjini kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, ilikuwa pantoni tu, hakukuwa na daraja. Mwenye lori halipishi kilomita. Analipisha kusubiri zamu, nauli ya kivuko kwenda na kurudi, na kurudi mtupu kwa sababu huku hakuna mzigo wa kumpa. Mtu mmoja akanishauri nipakie saruji kwenye mashua hadi Kipumbwi, kijiji cha pwani upande wetu wa mto. Nikamwambia mifuko ya karatasi na maji ya chumvi havipatani, tusijaribiane. Nililipa lori mara nne, kwa sababu nilinunua kidogo kidogo kila nilipopata fedha. Hapo ndipo niliungua. Safari mbili zilizojaa zingetosha. Ile 200,000 ya kwenye daftari ikawa 980,000.

Safari ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Machi. Nilikuwa nimejiapiza kumaliza paa kabla ya masika, lakini masika hawakuapa na mimi. Lori liliteremka kwenye bonde, mita kama 300 kutoka shambani, likakaa. Ule udongo wa mfinyanzi ukilowa unashika tairi kama ulimbo. Tulishusha mifuko mmoja mmoja, vijana wanabeba kichwani, mvua inakuja na kuondoka. Mzee jirani akasimama na mwavuli wake anatuangalia. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu. Hili bonde hata mjomba wako alikuwa halipiti mwezi huu." Angeniambia Februari!

Mifuko minne niliyoipanga chini, juu ya turubai tu, iliganda ikawa mawe. Iliyokaa juu ya mbao ilipona. Mmoja kati ya ile minne uko mlangoni hadi leo, watu wanaukalia kukwangua viatu matope.

Na siku sita fundi na saidia fundi wawili walikaa bila kazi, wakisubiri njia ikauke. Unawalisha: unga, maharage, dagaa, chai asubuhi. Kisha fundi anakuomba nusu posho ya siku hizo, na ana haki, kwa sababu kazi nyingine ameiacha kwa ajili yako. Chakula na siku hizo zilikula 350,000 ambazo hazikuwa popote kwenye daftari langu.

Lile swali la mke wangu likarudi na bei yake. Tofali mbichi linamwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba. Msingi unataka maji, jamvi la sakafu linataka maji, watu wanaoga. Bodaboda alibeba madumu manne ya lita 20 kwa safari, na wiki ya kufyatua alikuwa anapita kama daladala. Mpaka mwisho maji yaligharimu 310,000. Kama ningeanza upya ningejenga kwanza kibanda cha stoo chenye bati na mfereji, na tangi la lita 1,000 chini yake, ndipo nifikirie nyumba. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 36 ni lita 720, zimekuja zenyewe bila bodaboda.

Kwenye paa tulibishana. Fundi alitaka makuti pote, kwa sababu kina mama wa kijijini wanayashona vizuri, ni rahisi, na ndani panakuwa na ubaridi. Mimi niliogopa moto na ule utaratibu wa kuezeka upya kila baada ya miaka. Tukapatana: vyumba bati, baraza makuti. Bati nilikuwa nimeandika geji 30, lakini jirani alinionyesha za kwake, zimetobokatoboka kwa upepo wa bahari kama chujio la tui. Nikachukua geji 28, ambayo ni nene zaidi, bati 20, na ile tofauti ya bei ikawa 250,000. Hiyo sijutii hata senti.

Nguzo za baraza nilizitamani ziwe boriti za mikoko, kama za wazee. Mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na aliyeniletea "za chapuchapu" usiku hakuwa na karatasi yoyote, nikamrudisha. Nikachukua mivinje, nikaipaka oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Mchwa wa kule hawana mzaha. Dungu langu la kwanza walilimaliza mguu mmoja katika msimu mmoja.

Misumari, bawaba, kitasa, waya wa kufungia, brashi, nauli zangu mwenyewe za kwenda kununua bawaba iliyosahauliwa: 200,000. Jumla ya mwisho, 7,240,000. Nilizidisha 1,890,000, na ukiitazama vizuri, saruji haimo humo, maana mifuko niliyoipanga, 66, ilitosha pamoja na minne iliyoganda. Lipu ya nje tuliiacha tu. Daftari jipya lina safu mbili za bei: dukani, na "mpaka mlangoni". Ya pili ndiyo naisoma.

Nguruwe bado wanakuja. Dungu nimelitengeneza upya, kijana anayelinda analikalia kwa zamu na mimi, na nikichoka nina mlango wa kufunga. Choo bado ni cha makuti. Shimo limechimbwa na tofali zake 80 zimefyatuliwa, zinasubiri ufuta uvunwe.