Mlima mgongoni: kupiga picha ndege wa uani msimu wa baridi

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane wingu hushuka kutoka Meru na Kilimanjaro, likakaa juu ya Arusha na Moshi hadi saa nne au saa tano, na wengi wenye kamera huona hakuna mwanga wa kupigia picha. Kwa ndege wa uani, huo ndio mwanga bora wa mwaka mzima. Hutandaa sawasawa, jicho la ndege halizami kivulini, na manjano ya kwera hubaki na kila unyoya wake. Jua la saa sita huigeuza manjano hiyo kuwa doa tupu ambalo hakuna programu itakayolirekebisha.

Kibao cha chakula kinatosha kikiwa cha sentimita 30 kwa 40, chini kikiwa na wavu wa dirisha ili manyunyu yapite. Kiinue mita moja na nusu, mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka: ndege wapate pa kukimbilia kipanga akipita, lakini paka asiweze kujibanza humo na kuwarukia. Weka ulezi, mtama na alizeti mbichi, nusu kikombe kila asubuhi. Shore na kuzumburu wawekee kipande cha papai au ndizi mbivu. Nunua nafaka ya kula, soko la Kilombero (Arusha) au la Mbuyuni (Moshi), na usiguse mbegu za kupandia: ile rangi iliyopakwa ni dawa, na inaweza kuua ndege. Kinachobaki jioni kitoe. Nafaka iliyolowa hushika ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.

Sasa tawi, maana picha hupatikana au kupotea hapo. Ndege aliye ndani ya kibao anaonekana kama kuku bandani. Chukua tawi kavu la mkahawa au mgrivea, unene wa kidole gumba, lifunge kwa waya sentimita 40 hivi kutoka kwenye kibao. Wengi hutua hapo kwanza, wakatazama huku na huku, ndipo wakashuka kula. Sekunde hizo mbili tatu ndizo zako.

Tawi lipite mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia, lisikuelekee. Kwa lenzi ya milimita 300, ndege akiwa mita 3 na tundu la lenzi likiwa f/5.6 (namba ikipanda, tundu hupungua), eneo linalotoka kali, kupima kutoka mbele kwenda nyuma, ni sentimita 2 au 3 tu. Shomoro ana urefu wa sentimita 14 hivi. Akikupa ubavu, jicho, bawa na mkia vyote vinaingia humo. Akikuelekea, mdomo ni mkali na mkia umeyeyuka. Ukifunga tundu hadi f/8 unaongeza eneo hilo kidogo, lakini unalipia kwa mwanga. Fokasi siku zote iwe kwenye jicho.

Nyuma ya tawi acha mita 5 au zaidi. Migomba ikiwa umbali huo hugeuka kuwa kijani laini kisicho na umbo, na hakuna pazia la dukani linalokaribia uzuri wake. Ukuta au bati likiwa karibu litaonekana hadi misumari.

Wingu likipasuka, kumbuka kwamba miezi hii jua letu la mchana huinamia kaskazini. Meru iko kaskazini mwa Arusha, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kaskazini mwa Moshi. Kwa hiyo kaa mlima ukiwa mgongoni na ndege atamulikwa usoni. Mwezi wa kumi na mbili mambo hugeuka, jua huhamia kusini.

Saa moja na nusu asubuhi anza na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 3200. Kukipambazuka vizuri shuka hadi 1600. Kasi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde. Kwa 1/250 mwili utatoka mkali na kichwa kitatikisika, kwa sababu ndege hageuzi kichwa polepole. Kama nyuma yake ni anga jeupe, atatoka mweusi: ongeza mwanga kwa hatua moja, au bora zaidi, pandisha kamera ilingane na tawi ili nyuma yaje majani. Piga kupitia dirisha lililo wazi, kitenge kikining'inia na lenzi ikitokeza kwenye upenyo. Wape ndege wiki moja au mbili wazoee kibao na kitenge kabla hujadai chochote.

Chozi, wale ndege wadogo wanyonyao maua, hawali nafaka. Wao wafuate kwenye mshubiri, ambao huchanua msimu huu huu. Lenga ua ambalo halijafunguka lote, maana watalirudia. Ukitaka kuwawekea maji ya sukari, ni kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, yachemshwe na kupozwa, yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Asali usiweke, wala rangi.

Kibao kioshwe kila wiki kwa jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, kisuuzwe na kukauka kabisa. Ukiona njiwa amejikunyata, manyoya yamemvimba na haruki hata ukimsogelea, ondoa chakula chote kwa wiki mbili ili ndege watawanyike, hata kama picha zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kutoka vizuri.