Geti la pili

Jumamosi, usiku

Karatasi ya mwisho ya saini za kuuomba mji uwanja wenye uzio, mbwa wakimbie humo bila kamba, imejaa leo jioni mbele ya duka la mboga. Aliyeijaza ni mzee asiyefuga hata paka. Aliisoma yote, kisha akaniuliza uzio utakuwa na kimo gani. Nikamwambia tunaomba futi tano. Akauliza tena: na mlango je, mbwa hatoki mtu akifungua? Nikamchorea mageti mawili nyuma ya bahasha, akatazama, akatia saini. Nilitamani nimkumbatie, maana maswali yake ndiyo yaliyokuwa yangu miezi minane iliyopita.

Mimi mtoto wa Tanga. Kwetu mbwa haingii ndani, na akikulamba unajua la kufanya: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini hofu yangu haikutoka huko. Nilipokuwa darasa la tatu, mtoto wa nyumba ya pili aliumwa na mbwa koko akitoka kuchota maji. Kidonda chenyewe kidogo tu, kwenye shavu la mguu. Kikapakwa majani, kikafunga, tukasahau. Baada ya wiki kadhaa akaanza homa, kisha ikawa akisogezewa kikombe cha maji koo linambana na mikono inatetemeka. Kikombe kile cha bati chenye ua jekundu nakiona hadi leo. Ukubwani ndipo nilipojifunza kwamba kidonda cha namna ile huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, na mtoto hukimbizwa kupata chanjo kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona kichaa cha mbwa.

Kwa hiyo nilipoanza kazi ya kumtunza bibi mmoja huku mashariki ya ghuba ya San Francisco, nikakuta ana mbwa, nilikaribia kuacha kazi. Bibi alivunjika nyonga. Mbwa hawezi kujitoa nje mwenyewe. Wiki za kwanza nilikuwa namtembeza kwa mkono ulionyooka kama nimeshika ndoo ya maji ya moto, glavu mkononi, kanga yangu ya sala nimeifungia ndani ya gari. Mbwa naye hakuwa na raha. Barabarani sheria inataka awe kwenye kamba, na fleti haina ua. Mnyama mwenye miguu ya kukimbia anakwenda mwendo wa mgonjwa, akirudi anabweka hadi usiku wa manane, majirani wanagonga ukuta. Bibi analia kwamba watamwondolea.

Majirani walewale waliokuwa wakigonga ukuta ndio walioanzisha wazo la kuomba uwanja. Mwezi wa kwanza walinipeleka Berkeley kuona wa Ohlone. Nimepapenda mahali pale kwa historia yake. Mwaka 1966 wakazi wa Berkeley walipiga kura ya kujitoza kodi ili reli ya BART, treni za abiria za eneo la ghuba, ipite chini ya ardhi katika mji wao. Nyumba za kando ya barabara ya Hearst zikabomolewa, handaki likachimbwa na kufukiwa, juu yake ukabaki ukanda mtupu. Watu wakaupigania uwe bustani, na mwaka 1979 kipande chake kikatengwa kwa majaribio ili mbwa wafunguliwe humo. Mara nyingi hutajwa kuwa uwanja wa kwanza wa namna hiyo Marekani. Nilisimama nje ya uzio nikitazama watu wanavyoingia. Unafungua geti la kwanza, unalifunga nyuma yako. Mko wawili kwenye kizimba kidogo, wewe na mbwa wako. Unamfungua kamba hapo. Ndipo unapofungua la pili. Hakuna wakati ambapo mageti yote mawili yako wazi. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu nilisikia mbwa kumi wakibweka na moyo wangu ukatulia.

Ndiyo maana niligomba kwenye kikao. Fedha za uzio tunachangisha sisi, mji tunauomba ardhi na bomba la maji, na mahesabu yalipobana wenzangu wawili wakasema geti moja latosha. Nikasimama. Nikawaambia uzio huu si wa wapenda mbwa peke yao, ni wa yule mama aliyetupinga kwenye baraza la madiwani. Alikuja na watoto wawili, akatumia dakika zake mbili kuuliza nani ataokota kinyesi, na mwanawe akikimbizwa atakimbilia wapi. Wenzangu waliguna. Mimi niliona ana haki kabisa. Niliwasimulia habari za kikombe cha bati, kwa Kiingereza changu cha polepole. Geti la pili likarudi kwenye ramani, na kipengele cha cheti cha chanjo ya mbwa kikapanda juu kabisa. Yule mama nilimfuata mwenyewe nikamwonyesha. Hajasema ndiyo, ila safari hii aliichukua karatasi.

Kura ya madiwani ni Jumanne. Jioni nimempigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ni kweli hiyo? Mbwa wanajengewa uwanja, na wewe umo?”

“Nimo, mama.”

Akanyamaza kitambo. Najua alikuwa anamkumbuka nani. Nikamweleza uzio, chanjo, mageti.

“Na hilo la pili, nani anaangalia kama limefungwa?”

“Sisi wenyewe, kwa zamu.”

“Basi shika zamu ya asubuhi, watoto wanapokwenda shule.”

Orodha ya zamu tumeshaichora, ingawa kura bado. Nimefuta jina langu kwenye jioni, nikaliandika saa moja asubuhi.