Mkorosho uliotoka mstarini

Juzi tulikuwa Tandahimba tukiokota mabibo, binti yangu akasimama na kuuliza, "Baba, mbona mkorosho ule umejitenga na wenzake?" Mjomba, ambaye siku hizi husikia anachotaka tu, aliendelea kukonyoa korosho bila kuinua kichwa.

Ulipopandwa ilikuwa likizo ya Desemba, nimemaliza kidato cha pili, na mvua za kwanza zimekwisha kunyesha. Mistari ya miche, iliyoachana kwa mita 12, ilipigwa yote kwa kamba na vigingi, isipokuwa mmoja ambao kichuguu chenye miiba kiliuzuia, kamba isipite wala kigingi cha ng'ambo kisionekane. Nikajitolea kuutafutia mlinganyo.

Niliufanya mwembe uwe sifuri ya mihimili yote miwili, x na y, nikapima kwa mita: kigingi cha kwanza (−3, 8), cha pili (57, 38). Tofauti ya y ni 30. Kwenye x nilipaswa kuandika 57 kutoa hasi 3, yaani 60, mteremko uwe nusu. Mimi nikaandika 54, nikapata tano ya tisa. Nikaendelea na nukta ya pili, ile isiyo na hasi, na pale pa kupanda mche, x ilipokuwa 21, y ikaja 18. Namba kamili! Mwalimu alikuwa ametusisitizia tuujaribu kila mlinganyo kwa nukta iliyobaki, na lau ningeiweka −3 humo, y ingekuja chini ya 5 badala ya kuwa 8. Lakini nyundo ilikuwa mkononi tayari.

Mjomba alichuchumaa nyuma ya kigingi changu, akafumba jicho moja, akakilinganisha na mstari wa jirani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mjomba," aliniita, kama wajomba wa kwetu wanavyowaita wapwa wao, "hiki kimelala upande."

Nikamwonyesha daftari. Alilisogeza mbali na macho, kidole chake chenye udongo kikateremka polepole mstari kwa mstari, kikaishia kwenye 18 na kuacha doa jekundu.

"Haya," alisema, akachimba shimo, mita 2 kutoka mahali pake.

Kichuguu kilichimbuliwa baadaye, mche haukung'olewa. Kama aliniamini au aliniachia tu, sijathubutu kumuuliza.

Nilimchorea binti mihimili mchangani. Nilipofika kwenye 57 kutoa hasi 3, alitamka 60 kabla sijainua kijiti, na nyuma yangu nikamsikia Mjomba akicheka.