Nilivyounganisha vipande vyangu vya kihamba bila kukanyaga mahakamani

Nianze na hati, maana ndiyo kila mtu anaomba kuiona. Hati ya Hakimiliki ya Kimila, jina langu peke yangu, muhuri wa kijiji, na picha ya pasipoti ambayo nimenuna kama niliyefumaniwa. Iko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nakala nyingine iko masjala ya kijiji, ya tatu wilayani. Mwanamke wa Kichaga, kihambani kwa baba yake, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa! Niacheni nijisifu aya hii moja.

Marehemu baba aliniachia vipande vinne, kwa mdomo, mbele ya kaka zangu na baba mdogo. Anayejua mila zetu anajua kwamba mtoto wa kwanza hukatiwa chake mapema, kitindamimba hubaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati huambiwa pori ni kubwa. Binti hayumo kwenye hesabu hiyo. Lakini kaka zangu wako Dar es Salaam na Arusha, na kitindamimba wetu alisema wazi, "Dada ndiye aliyemuuguza baba, abaki yeye." Akarudi zake mjini.

Vipande vyenyewe sasa. Kimoja nyumbani. Cha pili ng'ambo ya mfereji, samadi unaipeleka kichwani ukivuka kwa gogo. Cha tatu kimebanwa kati ya migomba ya baba mdogo na ya binamu yangu, mwanawe. Ng'ombe angeweza kulala humo lakini si kugeuka. Cha nne kiko chini porini, kwenye mahindi, ekari moja na nusu hivi, nauli ya hiace kwenda na kurudi. Nilichotaka ni ukanda wa binamu unaopakana na nyumba yangu, naye nimpe kile cha katikati pamoja na sehemu ya porini. Rahisi, au siyo?

Ushauri niliopewa ungejaza gunia. Shoga yangu aliniambia niuze vyote ninunue kiwanja mjini. Ndugu mmoja aliyesoma sheria nusunusu akanisukuma niende baraza la ardhi la wilaya, eti kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kiko wazi, mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Kiko wazi kweli, nimekisoma. Ila hakuna aliyekuwa ameninyima. Mimi nilitaka kubadilishana, na huwezi kumshtaki mtu asubuhi halafu jioni ukamwomba mbadilishane migomba. Jirani yangu mmoja alifungua kesi ya mpaka mibuni yangu ikiwa miche. Mibuni hiyo imezaa, imezeeka, nimeing'oa. Yeye bado anapewa tarehe.

Basi nikajifanya mjanja. Mimi ni mwalimu mstaafu, napenda ubao. Nikamlipa kijana mmoja kama elfu arobaini, azunguke na simu yake kupima vipande vyote. Akachapisha ramani, nikaipaka rangi nne kwa penseli za wajukuu: kijani changu, nyekundu ya binamu, na kadhalika. Nikasubiri Desemba, wote wakiwa wamerudi nyumbani, nikaitandika mezani siku ya pili baada ya Krismasi, nyama ikiwa bado jikoni. Nikaeleza kwa fimbo. Nadhani nilisema hata "mita za mraba".

Kimya. Baba mdogo akavaa miwani, akainama, akapitisha kidole pole pole kwenye ule ukanda wa binamu.

"Mwalimu, Babu yuko wapi hapa?"

Kaburi la babu. Liko kwenye ukanda ule ule, chini ya mparachichi, na mimi nilikuwa nimelipaka kijani. Baba mdogo akasimama, akachukua kofia. Nyama ililiwa na watoto.

Miezi miwili hakuitikia shikamoo yangu. Hapo ndipo nilipoacha ramani nikarudi kwenye akili za bibi. Nikakata jani la sale, mmea ambao sisi Wachaga tunaombea msamaha, nikalifunga fundo, nikapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi (ulezi nilikopa, bei sikumbuki), nikamwomba mzee mmoja wa ukoo anitangulie kwa baba mdogo. Sale likishaletwa na mbege iko mlangoni, mtu wa rika lake hawezi kukataa bila kujiaibisha. Alilipokea. Alikunywa kata mbili bila kuniangalia, ya tatu akasema, "Kihamba hakipimwi kwa simu. Njoo kesho na jembe."

Kesho yake tukatembea. Tulihesabu migomba, si hatua. Tulihesabu mibuni, na zamu ya maji ya mfereji inaangukia upande gani, jambo ambalo ramani yangu haikulijua kabisa. Nikayaandika kwenye daftari la mistari. Ikaonekana ukanda wa binamu una migomba hai sitini na kitu, wangu wa katikati haifiki ishirini, ndiyo maana ekari moja ya porini ikaingia kufidia. Kaburi likabaki kwao, na njia ya kulifikia. Mpaka wangu umepinda pale kama kiwiko. Kijana wa kupima alilalamika mistari haijanyooka; nikamwambia Babu hakulala kwa rula.

Na hapa ndipo ninapojivunia zaidi: hatukuandikiana mkataba wowote mwaka mzima. Tulibadilishana majembe kwanza. Binamu alilima chini masika, mimi nikapalilia ukanda wake, kahawa iliyokuwa mtini akavuna mwenyewe. Angejuta, tungerudishiana bila aibu. Hakujuta, kule chini ni tambarare, trekta linaingia.

Mengine ni karatasi. Muhtasari wa kikao cha ukoo, majirani kusimama mpakani, halmashauri ya kijiji kuridhia. Kijiji chetu kilikuwa tayari na cheti chake cha ardhi ya kijiji. Chako kama hakina, ulizia hilo kabla hujachinja mbuzi. Mtendaji alihamishwa katikati tukaanza upya na mwingine. Mke wa binamu naye niling'ang'ania asaini, ingawa wanaume walicheka, kwa sababu migomba ile sitini aliipanda yeye.

Nusu ekari ya porini sikuitoa. Bwana mmoja kwenye semina alinisisitizia niunganishe kila kitu pamoja. Sawa, ila ndizi na mahindi havikauki siku moja, na wazee hawakutawanya mashamba juu na chini kwa kukosa akili.

Mpaka mpya tuliupanda masale, mimi na baba mdogo, yeye akichimba, mimi nikishindilia. Yameshika yote. Isipokuwa juzi nimeona la tatu kutoka kwenye mfereji limesogea kama kiganja kimoja, upande wangu. Sijasema kitu. Nimeloweka ulezi, nasubiri Desemba.