Likifika 80

Pikapu ya mama ilikuwa Hilux ya miaka ya tisini, injini ya dizeli aina ya 3L, gia tano, na dashibodi yake haikuwa na mshale wa mizunguko ya injini. Mwaka 2011 ilianza kutetemeka. Ndani ya mji wa Morogoro huoni kitu. Ukishaipita Nanenane, ukaiachia mpaka kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne, usukani unawasha viganja, kioo cha kati kinacheza hadi lori la nyuma yako linaonekana mawili, na mlango wa abiria unaanza kulia. Ukizidisha kidogo unausikia mtetemo kwenye meno.

Gari lile ndilo lililokuwa likishusha karoti na kabichi za mama kutoka Mgeta, mzigo mwingine unaishia sokoni Morogoro, mwingine unakwenda Dar. Kwa hiyo tulihangaika. Gereji ya kwanza walisema matairi, wakabalansi magurudumu yote manne. Palepale. Gereji ya pili wakasema sentaberingi, ile beringi ya katikati ya propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma. Tukanunua, wakafunga na krosi mpya, yaani viungo vya shafti hiyo. Palepale. Kisha tukaambiwa maunti za injini, zile raba inazokalia, zimechoka, nazo zikabadilishwa, na kweli gari likatulia likiwa limesimama, ila barabarani lilikuwa lilelile. Kila kitu walichokitaja kinaweza kutetemesha gari, hilo sibishi. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepanda akaenda kuliendesha. Fedha ilikuwa ya mama, na alikuwa anaitoa kwenye mauzo ya karoti.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Msamvu, gereji yake ni kivuli cha mwembe na kontena la vifaa.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Linaumwa nini?”

“Linatetemeka likifika 80.”

“80 ya gia ya ngapi?”

Swali hilo hatukuwahi kuulizwa. Nikamwambia ya nne. Akanawa mikono, akapanda upande wa abiria, tukashika barabara ya Mikese.

Kwenye gia ya nne, 80, mtetemo ukaja. Fundi alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi. “Weka ya tano, baki hapohapo kwenye 80.” Nikaweka. Ukapotea. “Haya, ongeza.” Karibu na 95 ukarudi vilevile. Akaniambia nipunguze, niingize ya tatu, nivute taratibu. Tulipokaribia 60 ukaja tena, na mlio wa injini ulikuwa uleule wa mara zote.

“Tairi halijui uko gia gani,” akasema. “Wala propela shafti haijui. Kwa mwendo wa 80 vinazunguka sawasawa, uwe ya nne uwe ya tano. Huu unaifuata injini.”

Tukaegesha pembeni, niutro, akaniambia nikanyage mafuta mpaka nisikie mlio ule. Gari likatetemeka limesimama. Akaniambia nikanyage na klachi. Likaendelea. Basi gia boksi na sahani ya klachi vikatoka kwenye orodha, maana klachi ikiwa chini kwenye niutro vitu hivyo havizungushwi tena na injini.

Nilidhani sasa atasema tushushe nozeli, zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Badala yake akauliza, “Asubuhi je?”

Hapo ndipo nilipoona kuwa jibu tulikuwa nalo siku zote. Nikiondoka alfajiri na baridi, gari lilikwenda vizuri tu. Saa sita, saa saba mchana, ndipo lilipokuwa halivumiliki, na mlimani zaidi. Tena kila asubuhi nikiliwasha lilinguruma kidogo mbele, kisha likatulia. Fundi akatikisa kichwa. Nozeli mbovu, akasema, husumbua zaidi injini ikiwa ya baridi, na injini hukosa sailensi, yaani haitulii ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kinachoamka na joto ni kingine.

Feni ya gari lile haikufungwa moja kwa moja kwenye pampu ya maji. Katikati kuna klachi ya feni, ina mafuta mazito ya silikoni ndani, na mbele yake springi bapa iliyojiviringa. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi inafungua njia, mafuta yanashika, feni inazunguka kwa nguvu. Ikipoa, feni inalegea na kubaki nyuma. Usiku mafuta yanatuama, ndiyo maana asubuhi feni hunguruma kwa muda mfupi kabla ya kuachia.

Tuliporudi gereji injini bado ni ya moto, akalegeza alteneta, akatoa mikanda. “Washa, nusu dakika tu, maji hayazunguki. Na usilitembeze, pampu inayosaidia breki nayo iko nyuma ya alteneta.” Nikawasha, nikakanyaga mpaka mlio ule. Kimya. Sikuwahi kulisikia gari lile hivyo kwa miezi.

Alteneta aliizungusha kwa mkono, laini. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta feni, bapa moja baada ya jingine. Kwenye ncha ya mojawapo, upande unaotazama injini, kipande kama kucha ya dole gumba hakikuwepo. Palipovunjika palikuwa pameshashika vumbi na mafuta hata rangi ikafanana na plastiki yote. Huwezi kupaona bila kufuta. Feni yenye upande mmoja mwepesi huvuta upande ikizunguka, na mzunguko ukiwa mara mbili ya mwanzo, nguvu hiyo inakuwa mara nne, ndiyo maana mjini hatukuona kitu. Akashika ncha mbili za feni, akaisukasuka. Ilicheza. Chini ya pampu, kwenye tundu dogo, palikuwa na alama ya maji yaliyokauka. Beringi ya pampu ilikuwa inakufa pamoja na feni.

Nikampigia mama. “Tumenunua sentaberingi kwa sababu ya feni?” akauliza. Kisha akasema niende Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar, kesho yake, nisikubali feni iliyounganishwa kwa gundi.

Fundi alifunga feni na pampu mpya, nikashuka Dar na mzigo. Nilipita Mdaula saa saba mchana, jua limewaka, gia ya nne, 80, halafu 90. Hakuna kilichotikisika. Maunti mpya alisema zibaki, zile za zamani zilikuwa zimekwisha kweli. Sentaberingi ya zamani ilikuwa chini ya kiti, mama haachi spea yake gereji. Fundi akaizungusha kwa kidole, akasikiliza, akaiona nzima, akamwambia mama aiweke, itafaa siku hii mpya ikichoka.