Nimemtafuta tena babu kwenye Hatari!

Jana usiku, watoto wakiwa wameshalala, nimeiangalia ile sinema ya zamani, Hatari!, mwanzo mpaka mwisho. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa kwenye kompyuta yangu tangu Pasaka, na kila nikitaka kuifungua moyo ulikuwa unasita, maana kuna vitu vya utotoni ukivirudia unakuta vimechuja, na hii sikutaka ichuje. Babu yangu amefariki tangu 2004 na hatuna picha yake ya ujanani hata moja. Kama ipo, basi imo humo.

Niseme kwanza ilivyofika kwetu Usa River, karibu na Arusha. Mjomba alikuwa dereva wa watalii. Mwaka 1994 mgeni mmoja aliyempeleka Ngorongoro alimwachia kanda ya video kama zawadi, imo kwenye kasha la karatasi lililochakaa pembe. Televisheni huku bara ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, lakini mama mkubwa alikuwa na deki, na pale nyumbani kwa babu deki ilikuwa mali ya ukoo mzima. Jumamosi jioni ndala zilijaa mlangoni mpaka mtu akitoka hajui zake ni zipi. Tulikaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, na babu kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango ili apate hewa. Kanda ilikuwa imechoka. Picha ikianza kupiga chenga, mjomba anaitoa, anasafisha hedi kwa pamba na spiriti, anairudisha. Sinema yenyewe ina dakika 157, na kwa umeme wa siku zile nakumbuka mara mbili tu ambazo tuliimaliza bila kukatiziwa.

Howard Hawks ndiye aliyeiongoza, ikatoka mwaka 1962, na steringi ni John Wayne. Majina hayo kwetu hayakuwa na maana. Sisi tulijua jambo moja, kwamba picha ya Wazungu inaitwa jina la Kiswahili na imechezwa pale Momella, chini ya Mlima Meru huohuo tunaouona tukienda kuchota maji. Ni habari ya kundi la watu wanaokamata wanyama hai na kuwauza kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Wana gari ambalo mbele, pembeni mwa boneti, wamefunga kiti. Steringi anakaa hapo amejifunga mkanda, mkononi ana upondo mrefu wenye kitanzi, gari linakimbizana na mnyama bega kwa bega mpaka amvishe kitanzi shingoni.

Tuliicheza hiyo mwaka mzima. Gari letu lilikuwa toroli la babu la kubebea mbolea, kitanzi ni kamba ya katani, na mtoto wa jirani mwenye mbio kuliko sote ndiye alikuwa faru kila siku. Babu alitukubalia yote isipokuwa jambo moja. Toroli likisimama tu, hata kama ni kwa dakika moja, lazima mtu aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Ukisahau anakuita kwa jina lako kamili.

Babu alikuwa taniboi wa lori ujanani, njia ya Moshi na Arusha, magunia ya mahindi. Na kila tukifika mwisho wa sinema, pale watoto watatu wa tembo wanapotoroka na kuingia mjini, wakapita mitaani wakimkimbilia yule dada mpiga picha, babu anajikohoza halafu anasema, "Siku ile nilikuwepo. Nilikuwa kazini. Nimo humo." Sote tunavamia skrini. Babu uko wapi? Yeye anacheka kimyakimya. "Mmeshanipita." Tunamlilia mjomba arudishe nyuma, anarudisha, tembo wanaingia mjini upya. Tukiisimamisha picha inajaa mistari, nyuso zote zinakatika vipande. Hatukumwona hata siku moja.

Sasa, jana.

Mwanzo kabisa wa sinema kuna faru. Utotoni tulikuwa tunalishangilia gari. Safari hii nimejikuta namtazama yule mnyama. Anakimbia huku masikio yake yamesimama, vumbi linamtoka miguuni, kisha anageuka ghafla na kulipiga gari pembe, chuma kinabonyea, halafu anaendelea kukimbia kana kwamba kipigo kile hakikumpunguzia kitu. Nikasogea karibu na kioo. Hakuna ujanja wa kompyuta hapo, mwaka 1961 ungetoka wapi? Waigizaji wenyewe walikaa kwenye yale magari na kuwafukuza wanyama wa porini, na Wayne ndiye yule pale mbele kitini. Kuna faru mmoja alichomoka kweli wakati wa kurekodi, ikabidi wamkamate upya, na Hawks akaiacha sehemu hiyo ndani ya picha. Nimesoma pia kwamba sauti za sehemu nyingi za kukimbiza wanyama zilirekodiwa upya baadaye kwa sababu ya matusi yaliyokuwa yanamtoka Wayne. Ninamwelewa. Mimi kwenye kochi langu Dar es Salaam nilikuwa nimeshika mto kwa mikono miwili.

Lakini nilipomtazama faru amelala amefungwa miguu, ubavu wake ukipanda na kushuka, nilikumbuka maneno ya kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyesomea chuo cha wanyamapori cha Mweka na sasa ni mhifadhi. Aliwahi kuniambia kwamba mnyama wa porini akikimbizwa mno, misuli yake huharibika kwa ndani. Unaweza kumwona amesimama, anakula, ukadhani yamekwisha, kisha siku chache baadaye anakufa. Ndiyo maana siku hizi faru anapigwa sindano ya usingizi kutoka mbali, na daktari anakaa naye akihesabu pumzi mpaka mwisho. Sijui kama unaweza kuiona sinema hii kwa macho ya zamani ukishajua hilo. Mimi nimeshindwa. Na hesabu yenyewe inauma. Mwaka 1970 Afrika ilikuwa na faru weusi kama 65,000. Katikati ya miaka ya 1990, miaka ileile ambayo sisi tulikuwa tunamfukuza mtoto wa jirani na toroli, walikuwa wamebaki pungufu ya 2,500. Waliowamaliza ni majangili wanaotaka pembe, hawa wa kwenye sinema wasisingiziwe. Siku hizi wamepanda, wamepita 6,000. Sisi tulikua tukidhani faru ni mnyama wa kawaida kama punda, kumbe tulikuwa tunaangalia mabaki.

Mapenzi ya katikati nimeyapitisha haraka. Nani anampenda nani, nani ana wivu na nani, hayakunishika utotoni na hayakunishika jana. Ila watoto wa tembo! Hapo hakuna kilichochuja. Yule dada, anaitwa Dallas, anamchukua wa kwanza aliyebaki yatima, na inabidi zisakwe mbuzi za kumkamulia maziwa, vurugu tupu. Na ule muziki wao wa kwenda kuoga, alioutunga Henry Mancini, ulipoanza nilisimamisha picha nikakaa kimya. Mama yangu huuimba bila maneno akiosha vyombo. Miaka yote nilidhani ni wimbo wa kanisani ambao sijaujua jina.

Halafu kuna tarehe, ambayo mtoto wa miaka tisa haioni. Watu hawa walikuwa wanarekodi Tanganyika ikiwa mlangoni pa Uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960. Bendera ya Mwingereza ilishushwa Desemba 1961. Na Septemba ya mwaka huo, mjini Arusha palepale, Mwalimu alitoa tamko tunaloliita Manifesto ya Arusha, kwamba wanyama hawa na mapori yao ni urithi, na nchi mpya itafanya kila iwezalo wajukuu wetu wawakute. Ndani ya sinema sijasikia hata neno moja la hayo. Watu wetu wamo, wengi tu. Wako nyuma ya malori, wanavuta kamba, wanafunga milango ya mazizi, wanabeba mizigo. Kuna sehemu wanampa Dallas jina la Mama Tembo. Lakini hakuna anayewauliza wao wanaitwa nani, wala jioni kazi ikiisha kamera haiwafuati wanakokwenda kula. Steringi anaingia nyumbani, piano inapigwa, wao wanabaki gizani nje ya picha. Nilipokuwa mdogo niliona ndivyo picha zilivyo. Jana nilikuwa nasubiri angalau mmoja akae chini aseme kitu kirefu. Niliipenda sinema hii na bado naipenda, na jambo hili limeniuma vilevile, yote mawili usiku mmoja.

Hardy Krüger, yule Mjerumani anayeendesha gari, aliipenda Momella mpaka akanunua shamba pale baada ya kurekodi, akakaa miaka. Alifariki Januari 2022. Habari yake inajulikana, kitabu alikiandika mwenyewe. Ya taniboi wa lori la mahindi nani ataiandika?

Ilikuwa imeshapita saa sita usiku nilipofika mjini. Kompyuta haina mistari. Ukiisimamisha picha inasimama kweli, unaweza kuisogeza kidogokidogo, ukamkagua kila mtu. Tembo wanaingia, watu wamesimama kandokando, wengine wanacheka, wengine wanarudi nyuma. Nimewapitia mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele. Nimemtafuta kwa masikio, maana babu alikuwa na masikio yaliyokaa mbali na kichwa, na sisi wajukuu tumeyarithi. Mwishowe nimempata kijana mwembamba, shati la rangi nyeupe au ya maziwa, kichwa kimegeuka upande. Anaonekana kwa sekunde mbili hivi. Uso hauko wazi, ila mabega yale nayajua. Nimekaa naye mpaka skrini ikajizima yenyewe. Nimelia kidogo, nisifiche.

Asubuhi nimempigia mama kabla hajaenda shambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kuna usalama? Mbona mapema?"

Nimemtumia picha kwenye simu. Amechukua muda, nadhani alikuwa anatafuta miwani. Nilikuwa namsikia anavyohema.

"Huyu siye," amesema.

"Mama, hata uso hauonekani vizuri, umejuaje?"

"Kwani babu yako alikuwa nani? Taniboi. Lori likisimama taniboi haendi barazani kushangaa. Anaruka chini, anaweka kabari, anakaa na lori lake mpaka dereva arudi. Si aliwaambia alikuwa kazini? Wale tembo waliwapita yeye amechuchumaa kwenye tairi la nyuma, kabari bado iko mkononi, anaogopa akiinuka lori litarudi nyuma liwaumize watu. Alitusimulia hivyo tangu sisi wadogo. Ninyi mlikuwa mnatafuta mtu aliyesimama."

Watoto wameshaenda shule. Nimejimiminia chai, nimefungua kompyuta, nimerudisha nyuma mpaka pale tembo wanapoingia mjini. Safari hii naangalia chini, usawa wa matairi.